Chumvi Aliyoiacha Mama Mkwe

Jumapili alasiri, mwezi wa kumi na moja

Mvua ilitukuta njiani tukirudi, na mpaka sasa inanyesha. Ziwa silioni kutoka dirishani. Naona ukungu tu, na taa za magari yanayoelekea mpakani, Grande Barrière, watu wa Goma wakiwahi kurudi kwao. Nimevua soksi zilizolowa, nimejimiminia chai, nimekaa. Moyo wangu ni mwepesi. Nalisema mapema kwa sababu wiki yenyewe ilianza vibaya, na kuna siku nilidhani Jumapili hii tungekula kila mtu kwake, kimya.

Tuligombana juu ya chumvi.

Wanaopita hapa mara kwa mara wanaijua kazi yangu. Asiyeijua nimwambie: ninakagua vyakula vya pakiti na makopo katika maduka ya mji huu. Naangalia tarehe, naangalia kama viambato vimeandikwa na kama vinasomeka, naandika, naondoka. Wenye maduka hunipa soda nami huikataa kwa uchungu, hasa siku za jua. Miezi hii kuna jambo jipya. Wakubwa wa Kigali wanaandaa kanuni za chumvi katika vyakula vya pakiti, na sisi wa huku chini tumeombwa maoni. Basi nimekuwa nikiandika. Nimeandika kurasa kwa kurasa, zimejaa maneno kama "kiwango cha juu kinachoruhusiwa" na "kwa mujibu wa", na kila nikimaliza ukurasa najiona mtu muhimu kidogo kuliko jana. Liberata, mke wangu, akinichungulia begani huniuliza kama nitalipwa kwa urefu wa sentensi.

Lakini mtu wa habari hii ni mama yake.

Mimi nimekulia Karagwe, Tanzania, tukarudi Rwanda nikiwa kijana. Yeye amezaliwa Masisi, Kongo, akarudi na watoto wake, akajenga nyumba ndogo Mbugangari na kupata kishamba cha maharage Nyakiriba. Namwita Mabukwe, ndivyo mtu anavyomwita mama mkwe wake kwa Kinyarwanda. Yeye hajawahi kunitaja jina. Ananiita Papa Keza, kwa jina la binti yetu, na anasema Kiswahili changu ni cha redio; chake ni cha Kongo, kimechanganyika na Kifaransa, na penye "basi" yeye husema "donc". Tunaheshimiana sana. Maana yake ni kwamba miaka yote hii tumezungumza kuhusu mvua, maharage, na afya za watu ambao hawapo chumbani.

Kila Jumapili baada ya ibada Mabukwe huja kwetu na chungu. Hukifunga kwa kitenge, hukipakata kwenye pikipiki, huingia nacho mwenyewe na kuketi nacho mezani. Mara nyingi ni sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa mawese na karanga mpaka yalegee. Kazi yangu mimi ni kula na kusifu. Mkwe hapewi chakula ili atoe maoni. Mkwe akionja akaomba kitu cha kuongeza, au akaacha nusu sahani, atakuwa ametukana watu bila kufungua mdomo. Kwa hiyo mimi hula, nasema "Tamu sana, Mabukwe," naongezewa, nakula tena.

Na nakiri hapa, kwa kuwa yeye hasomi blogu: tangu Pasaka hivi, chungu kile kimekuwa kikali kwa chumvi. Midomo inakauka. Nakula na jagi la maji pembeni, nalimaliza, Liberata analijaza tena. Nilidhani ni umri, ulimi wake umechoka. Nilimhurumia nikanywa maji.

Mabukwe ana presha. Wao wanaiita tension, kwa Kifaransa, na wanaitaja kama mtu anavyomtaja jirani mkorofi. Dada yake mkubwa, aliyebaki Goma, alianguka akiwa anafua nguo, na tangu siku hiyo upande wake wa kulia haufanyi kazi. Mabukwe huvuka mpaka kwenda kumlisha kwa mkono wake mwenyewe. Basi nesi wa kituo cha afya alipomwambia aache chumvi, hakungoja kuambiwa tena. Alichukua kopo lake la chumvi akampa jirani. Jumapili ya Pasaka akatutangazia sote mezani, mkono juu, kama anayetoa ushuhuda kanisani, kwamba yeye na chumvi basi.

Jumanne iliyopita Liberata alimpeleka kupimwa. Presha imepanda, na si kidogo. Nesi aliongeza dawa, kisha akamuuliza kwa upole kama bado anatumia chumvi. Mabukwe akasema aliiacha. Nesi akatabasamu, lile tabasamu la mtu aliyekwisha kusikia mengi, akaendelea kuandika.

Na walipotoka, Liberata akayamalizia yale ambayo nesi hakuyasema. Walikuwa wamesimama pale wanapoegesha pikipiki. Alimwambia mama yake kwamba chungu chake kila Jumapili kinaunguza ulimi, kwamba Keza hamalizi sahani, na kwamba kama anataka kulala kitandani kama dada yake, basi aendelee tu kudanganya watu. Mabukwe alipanda pikipiki peke yake akaondoka.

Jumatano hakushika simu. Alhamisi ilikuja salamu kupitia jirani yake: Jumapili tusisubiri chungu.

Liberata alilia akiosha vyombo. Mke wangu akiogopa husikika kama amekasirika. Nimeishi na sauti hiyo, naijua, na najua kwamba ndani yake alikuwa anamwona mama yake ameanguka karibu na beseni la kufulia. Nilimpangusa machozi. Lakini sikumtetea Mabukwe. Moyoni nilisema, masikini, ulimi umemshinda, anachota kidogo kidogo watu wasipomwona. Nilimwona mwongo kama walivyomwona wengine, tofauti ni kwamba mimi nilimwonea huruma, nikaona huruma yangu ni wema.

Halafu ikaja Ijumaa.

Ijumaa nilikuwa kwa Bosco, mwenye duka la Mbugangari, kwenye ile barabara wanapopakia magunia ya kwenda Nyakiriba. Duka la Bosco ni dogo na mimi si mdogo. Nikitaka kusoma maboksi ya rafu ya chini inanibidi kupita nyuma ya kaunta, nichuchumae kati ya mchele na katoni za sabuni. Nilikuwa hivyo, nimechuchumaa, nimeshika boksi lililofunguliwa la vile vipande vya mraba vya kukolezea mchuzi, vyenye picha ya kuku. Boksi halikuwa na kosa lolote. Viambato viliandikwa kwa mpangilio unaotakiwa, kile kilichozidi kwa uzito kikitangulia, na kilichotangulia kilikuwa chumvi. Herufi ndogo, lakini ipo. Nikaweka alama ya vema.

Ndipo nikasikia sauti yake juu ya kichwa changu.

"Bosco, nipe ile ya kuku. Tano."

"Na chumvi, Mama?"

"Chumvi hapana! Mi niliacha chumvi. We si unajua?"

Mkono wa Bosco ukashuka nyuma ya kaunta, ukapapasa, ukaingia ndani ya boksi nililolishika mimi, ukatoa vipande vitano, ukapanda navyo. Hakuniangalia hata. Nami sikusimama. Niliwaza kusimama, nasema kweli. Lakini mkwe ataibukaje kati ya magunia mbele ya mama mkwe wake, magoti yana vumbi, na siku tatu nyumba mbili hazisemeshani? Nikabaki chini.

"Tano yote, Mama? Si unakaa peke yako?"

"Si yangu. Iko ya mukwe yangu. Unajua ile mutu alikulia Tanzania, anapenda chakula iko na ladha. Tangu niliacha chumvi natiaka ile ya kuku, na namuangaliaka. Anakula, anakunywa maji. Anakula, anakunywa maji. Nikasema, yoo, chakula yangu haishuke kwa huyu mutoto. Donc naongeza ile ya kuku. Nikaona bado anakunywa. Naongeza tena."

Nilifunika mdomo kwa mkono.

Mimi! Mimi ninayekunywa maji kwa sababu chumvi imezidi, na yeye anayeongeza kwa sababu nakunywa maji. Kila glasi niliyoinywa kwa adabu ilimrudisha dukani kununua zaidi. Na hakula yeye pembeni na sisi pembeni. Ni chungu hicho hicho, yeye mezani na sisi, na kinachobaki anarudi nacho nyumbani kula kesho yake. Amekuwa akijipandisha presha mwenyewe ili mimi nimeze chakula vizuri.

Nusura nicheke kwa sauti, kisha macho yakaniuma.

Nikakumbuka pia kwamba Alhamisi alituambia tusisubiri chungu. Leo ilikuwa Ijumaa na alikuwa ananunua viungo vyake.

Alipoondoka niliendelea kukaa pale sakafuni, na nikaliangalia tena lile boksi. Linasema kweli. Nilikuwa nimeliwekea alama ya vema na lilistahili. Lakini Mabukwe hajawahi kuliona. Mbugangari nani ananunua boksi? Tunanunua kimoja, viwili, vitano siku ya wageni. Boksi hubaki dukani na Bosco, na Bosco hulitumia baadaye kuwekea misumari. Kinachofika jikoni ni kipande tu, kimefungwa kwenye kikaratasi kidogo chenye picha ya kuku na nyanya mbili. Nilichukua kipande kimoja, nikakigeuza pande zote sita. Neno chumvi halimo. Kurasa zangu zote za maoni ya Kigali, sentensi zangu zote ndefu, zilikuwa zinahusu boksi.

"Shefu," Bosco akasema kutoka juu, "mbona unamukimbia mama yako?"

Nikamwambia magoti yamekufa ganzi, anisaidie kusimama. Nikanunua kipande kimoja, nikakitia mfukoni mwa koti.

Jioni nilimsimulia Liberata. Alikuwa anakoroga maharage. Alianza kwa kucheka, nilipofika pale pa kuchuchumaa alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akaacha. Akavuta kigoda, akaketi, akajifunika uso kwa kitenge.

"Mana yanjye, Mungu wangu," akasema ndani ya kitenge. "Nilimuita muongo."

Nikamwambia aende kwa mama yake asubuhi, amweleze.

"Mi? Hata simu hashike. Nikienda kumuambia tena habari ya chumvi atafunga mulango. Nenda we. Si we ndiye mukaguzi?"

Alisema kwa utani lakini hakuwa anatania.

Jana ilikuwa umuganda, ile Jumamosi ya kazi za pamoja za mtaa. Nilifyeka nyasi za kando ya barabara na wenzangu wa mtaa huku natunga maneno kichwani. "Mabukwe, kuhusu chungu chako." Nikalitupa. "Mabukwe, wataalamu wanasema." Nikalitupa na hilo. Hakuna maneno yanayoanza na chungu cha mama mkwe yakaisha vizuri. Na hofu yangu haikuwa aibu peke yake. Niliogopa kwamba nikikosea kulisema, atasikia kitu kibaya zaidi kuliko kuitwa mwongo: kwamba ameumiza watu kwa mkono ule ule anaowapendea. Mabukwe hajui kusema anakupenda. Anajua kukuongezea sahani. Nikimpokonya hilo nitamwachia nini? Na nisipomwambia, nani atamlisha yeye siku akilala kama dada yake?

Nilifyeka mpaka jirani akaniambia sehemu yangu imekwisha zamani.

Leo baada ya ibada tulienda sote watatu. Keza aliingia moja kwa moja kwa watoto wa jirani. Mabukwe alitupokea kwa heshima zote, na hapo ndipo nilipojua ameumia kweli, maana alimkaribisha binti yake wa kumzaa kama mgeni wa kanisa. Akafuta viti ambavyo havikuwa na vumbi. Akamuuliza hali ya safari, na safari yenyewe ni mitaa mitatu. Akaleta chai kwenye teremosi. Nyuma ya pazia la jikoni niliona jiko la mkaa, na juu yake chungu cha sombe, kinachemka taratibu. Pembeni ya jiko, juu ya kigae, vipo vile vipande vitano vya Ijumaa, vimepangwa mstari. Yeye huvitia mwisho, moto ukishapungua.

Nilisahau kila kitu nilichotunga.

Nikaomba kikombe chenye maji ya moto matupu. Akanipa, ananiangalia. Nikatoa kipande mfukoni, nikakifungua, nikaweka kikaratasi mezani, nikatia kipande ndani ya maji na kukoroga. Akaniangalia zaidi. Liberata alikuwa ananitazama mikono. Nikanywa kwanza mimi. Ilikuwa mbaya kuliko nilivyotarajia, na uso ulijikunja wenyewe. Kisha nikashika kikombe kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu, nikampa.

Alionja kidogo kwa ncha ya mdomo. Akaonja tena.

"Ayiwe," akasema. "Iko chumvi."

"Ni chumvi, Mabukwe. Sehemu yake kubwa ni chumvi."

"Ile ya kuku?"

"Ile ya kuku. Wewe chumvi uliiacha kweli. Ila imo humu, na hakuna aliyekuambia. Hata mimi sikukuambia, na ndiyo kazi yangu."

Aliweka kikombe mezani. Nilisubiri hofu, au aibu, au aulize habari ya presha. Hakuniangalia mimi kabisa. Alimgeukia binti yake.

"Donc mi sikuongopa."

Alilisema polepole, bila ukali.

Liberata alitoka kitini, akapiga magoti pale sakafuni na gauni lake la kanisani, akalaza kichwa mapajani kwa mama yake kama Keza anavyomlalia yeye. Mabukwe aliangalia ukutani kwanza. Kisha mkono wake ukaja wenyewe, ukaanza kumrekebisha nywele.

"Mbele ya watu ya pikipiki," akasema. "Mi nilinyamaza, lakini iliniuma."

"Najua, Mama. Unisamehe."

"Unafikiri mi sitaki kuishi? Nani atamulisha dada yangu?"

Nilitazama dirishani. Kuna mambo mkwe hatakiwi kuyaona, na haya niliyaona yote.

Baadaye, macho yakiwa yamefutwa, zamu yangu ikafika. "Na we, Papa Keza. Maji yote ile ulikuwa unakunywa?"

"Chumvi ilizidi, Mabukwe."

"Na mi naongeza!"

"Na mimi nakunywa."

Alipiga paja lake. Akacheka, akaanza kueleza jinsi alivyokuwa akinihesabia glasi, akashindwa kumaliza, akacheka tena. Nimemjua mwanamke huyu tangu sina mvi na sikujua kwamba akicheka hutoa sauti kama ya msichana.

Kisha akainuka, akaenda jikoni, akaangalia vile vipande vitano juu ya kigae. Akavirudisha kwenye mfuko. Akapakua sombe jinsi ilivyokuwa, haina chumvi, haina kuku, haina kitu, akaiweka mbele yangu na bugali. Tukaomba, tukala.

Nitaandika ukweli. Yalikuwa majani. Majani mazuri, yaliyopikwa kwa subira, lakini majani. Nilitafuna. Mabukwe alikuwa anauangalia mkono wangu kama utaenda kwenye glasi. Na mdomo wangu, kwa mazoea ya miaka, ukajifungua wenyewe.

"Tamu sana, Mabukwe."

Aliweka kijiko chini.

"Papa Keza," akasema. "Sasa nimeona muongo ya hii nyumba."

Liberata alipaliwa. Nilitazama sahani. Nilitazama mlango pia, kusema kweli. Halafu nikaona kwamba baada ya yote yaliyotokea kwenye meza ile leo, kumdanganya mama huyu kwa upole kungekuwa ni kumrudisha pale pale alipoachwa Jumanne, na watu wazuri wanaomtabasamia.

"Haina ladha, Mabukwe," nikasema. "Hata kidogo. Nahisi natafuna mti."

Mimi, mkwe, nimesema hivyo, mchana, nyumbani kwake.

Alifurahi. Sijui niielezeje ile sura. Ilifunguka.

"Bon," akasema. "Mugeni ndiye anasifiaka. We unalalamika, donc uko mutoto yangu."

Akatuma Keza aitwe. Akatoka uani akarudi na ndimu, akazikata, akatukamulia kila mtu juu ya sahani. Akaleta pilipili mbichi. Akasema juma lijalo ataweka seleri na vitunguu vingi zaidi, na karanga atazikaanga kwanza ndipo azitwange. Akasema pia atamuuliza nesi kama chumvi kidogo ya kubana kwa vidole inaruhusiwa, na kama hairuhusiwi basi, tutatafuna mti pamoja. Ndimu ilisaidia. Si sana, lakini Keza alimaliza sahani yake na kuomba nyingine, na bibi yake akamwongezea huku ananitazama mimi kwa jicho la ushindi.

Tulipokuwa tunaaga, mawingu yamekwisha kufunga, alinifuata mlangoni. Alikuwa na kile kikaratasi nilichokiacha mezani. Alikuwa amekinyoosha kwa kidole gumba mpaka kikalala bapa.

"Hii upeleke kwa bakubwa ya Kigali."

Nikamuuliza niwaambie nini.

"Baandike hapa," akasema, akigusa pale penye kuku. "Baandike: iko chumvi. Mi nilisoma mupaka la sita kule Masisi. Baandike tu, nitasoma."

Nikakipokea kwa mikono miwili.

Sasa niko hapa na chai imepoa. Presha ya Mabukwe haijashuka, sahani moja ya majani haiwezi kuishusha, na hofu yangu haijaisha. Mwezi ujao nitampeleka mwenyewe kituoni. Nesi akimuuliza kuhusu chumvi nitakuwa nimeketi pembeni yake, na akitabasamu, nami nitaomba kikombe cha maji ya moto. Jagi letu liko mezani, limejaa tangu asubuhi. Liberata amelala kwenye kochi na viatu vyake, wiki nzima hakulala vizuri.

Kikaratasi nimekiweka mbele ya kompyuta. Nimefungua yale maoni yangu ya Kigali, nimeyasoma toka juu, na nimeona haya kidogo. "Kwa mujibu wa" ziko nyingi mno. Nimefuta ukurasa wa kwanza, halafu wa pili. Kesho mchana natakiwa kuyatuma, na sijui wenye suti zao watayapokeaje, labda watacheka. Nimeandika upya mwanzo, na naona sitaugusa tena.

Sentensi ya kwanza sasa inasema: Mama mkwe wangu anajua kusoma.